Asilimia Thelathini

Niliitwa kwa ajili ya koo langu.
Rumyana alipiga simu Februari,
theluji imeshageuka majivu kando ya barabara,
akauliza: Yavor, una suti?
Nikadhani kuna msiba.

Walikuwa wawili, gereji moja, mtaa wa Trakia, Plovdiv,
katikati ya matairi ya baridi ya baba yake Desislava.
Walikuwa wameunda kidude, ukubwa wa kiberiti,
ukikitumbukiza kwenye pipa la maziwa
kinakwambia yatachacha saa ngapi,
ulimi bado haujui lolote.
Miaka mitatu. Vidole vya Desislava vina madoa ya risasi ya kuchomelea
kama vya mtu aliyekaanga samaki maisha yake yote.

Mimi nilikuwa nauza majokofu.

Benki ya kwanza iliwauliza watazaa lini.
Ya pili ikauliza nani atabeba mapipa.
Mwekezaji wa tatu, mzee mpole, aliwasifu,
akawasogezea biskuti, akasema:
Tafuteni mwenzenu mwingine. Mnanielewa.
Walimwelewa.
Kadi yake ilikuwa laini kama kipande cha sabuni.

Usiku ule walipiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli.
Mia haigawanyiki kwa tatu,
kila ukigawa kuna kinachobaki, na lazima mtu akimeze.
Rumyana si mbaya. Alikuwa amechoka.
Asubuhi kulikuwa na waanzilishi wawili, yeye na mimi,
na mtaalamu mmoja wa maabara, mkataba wa mwaka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga.
Mimi nilikuja.
Mwenyeji mmoja akatoka na kikombe chake.

Sofia, ghorofa ya tisa.
Maswali yote yalinijia mimi
kama maji yajuavyo mtaro.
Yeye alijibu, wao wakanitazama
nithibitishe kwamba amejibu.
Nikatikisa kichwa kushoto kulia, na kwetu hiyo ni ndiyo,
lakini palikuwa na Mjerumani mezani,
akadhani nakataa,
akapandisha dau.
Ndivyo tulivyopata euro laki tatu:
kwa shingo yangu.

Kwenye treni ya kurudi Rumyana alicheka mpaka akalia,
au alilia tangu mwanzo, taa za behewa zilikuwa mbovu.
Sikuuliza. Nilikuwa nahesabu thelathini yangu.

Desislava alikuwa gereji, anakusanya vyake.
Bisibisi tatu. Waya. Redio isiyo na kifuniko.
Ilikuwa Machi mosi, akanifunga kifundoni
uzi mwekundu na mweupe, kama wanavyofungana watu siku hiyo,
afya, heri, basi.
Huvaliwa mpaka umwone korongo wa kwanza
au mti uliochanua. Hapo unauvua.
Alifunga fundo mbili.
Akasema: ulikuwa mzuri sana, nimesikia.
Nami nikasema asante.
Asante! Kama aliyepokewa koti mlangoni.

Siku hizi viwanda vya mtindi vinapiga simu kwangu,
bosi, kidude kinalia na maziwa ni mazima.
Nasema subirini kidogo.
Nampigia yeye.
Ananijibu kila mara: safisha utando, siki vuguvugu, dakika nne.
Hajadai kitu.
Mara moja tu aliuliza
hiyo sauti yako, wanailipa kwa saa au kwa kilo?

Nimeandika barua ya kumrudishia kumi na tano.
Iko kwenye droo, chini ya miongozo ya majokofu,
haina tarehe.
Kwa nini kumi na tano, si zote? Nimejiuliza.
Nina mkopo wa nyumba. Nina mama Pazardzhik.
Nina sababu nyingi, nazo zinazungumza kwa sauti nene.

Sasa ni Juni. Miplamu ilichanua ikapukutika.
Uzi umekuwa rangi ya chai, bado uko mkononi.
Watu wananiuliza, Yavor, mwaka huu korongo hawajafika?

Wamefika. Wamejenga juu ya nguzo ya umeme
mkabala na dirisha la ofisi yangu, wana makinda.
Huwa nasema sijawaona.